Jina Tulilikuta

Laptopu yangu ilizima Jumatano ya pili ya Julai, saa mbili asubuhi, juu ya meza ya shangazi yangu hapa Karatu, nikiwa katikati ya neno. Haikulia, haikutoa moshi, haikuandika onyo lolote. Skrini iligeuka nyeusi, feni ikanyamaza, nami nikabaki na kidole juu ya herufi. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Nikabonyeza tena, safari hii kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa watu aliowakosea. Kimya.

Ndani ya laptopu hiyo kulikuwa na kazi ya miezi sita. Nasoma shahada ya uzamili ya isimu, na tasnifu yangu inahusu majina ya mahali ya Karatu na Ngorongoro: vilima, vijito, mabonde, hata miti mikubwa ambayo watu hupeana miadi chini yake. Nilikuwa nimewahoji watu 27, wengi wao wazee, kwa Kiiraqw, kwa Kiswahili na, nikisaidiwa na mkalimani, kwa Kimaasai. Jumla yake ilikuwa saa 38 za sauti. Saa moja ya sauti isiyobanwa hula takribani megabaiti 600, na bando la mwanafunzi halina ubavu wa kupandisha mzigo wa namna hiyo mtandaoni. Nilikuwa na nakala kwenye fleshi, lakini ilikuwa ya mwezi Machi. Kinasa sauti nilikiazima idarani, na kadi yake nilikuwa naifuta kila nikitoka safari ili ipate nafasi. Kwa hiyo kila nilichorekodi Aprili, Mei na Juni kilikuwa mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo palikuwa pamezima.

Miongoni mwa sauti hizo kulikuwa na mzee mmoja wa Mbulumbulu, juu kule ukingoni mwa Bonde la Ufa. Nilimrekodi Aprili. Juni tulimzika. Kulikuwa pia na mzee wa Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambaye wakati laptopu inazima alikuwa ameshahamia Msomera, wilayani Handeni, kama familia nyingine zilizokwenda huko tangu 2022. Wa Msomera ningeweza kumfuata, kama ningepata nauli. Wa Mbulumbulu nisingeweza kumfuata kwa nauli yoyote.

Basi nikaanza kufanya kile ambacho kila mtu hufanya chombo kikimharibikia: nikaanza kukisia.

Shangazi alisema ni baridi. Julai Karatu si mchezo. Asubuhi ukungu unateremka kutoka kwenye msitu wa Ngorongoro, unakaa barabarani mpaka saa nne, na shangazi anaamini karibu kila jambo baya linaletwa na ukungu, kuanzia kifua mpaka talaka. Kijana wa bodaboda aliyenipeleka mjini alisema ni mitikisiko. Aliniuliza, "Si ulikwenda nayo Endulen? Barabara ile inatoa bolti kwenye Land Cruiser, itaiacha laptopu?" Muuza vifaa vya simu alisema ni chaja, na bahati ilioje, yeye alikuwa anauza chaja. Nikainunua kwa shilingi 35,000. Mimi mwenyewe nilikuwa na jibu langu, na nililipenda kuliko yote: vumbi. Udongo wa Karatu ni mwekundu na laini kama unga wa muhogo uliochekechwa. Unaingia kwenye soksi, kwenye chumvi, kwenye kurasa za vitabu. Ukivuka lango la Loduare, ukapanda mpaka ukingo wa kreta na kushuka ng'ambo ya pili, vumbi linabadilika rangi na kuwa la kijivu, jepesi zaidi, vumbi la majivu ya volkano. Nilimeza mavumbi yote mawili kwa miezi sita, na laptopu yangu pia. Ilikuwa hadithi nzuri. Ilikuwa na mandhari ndani yake.

Siku nne nilihangaika peke yangu. Nilishikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30 ili chaji iliyobaki ndani itoke. Nilifungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ya shangazi ya cherehani, nikachomoa ramu, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, nikairudisha. Niliipuliza kwa pampu ya baiskeli. Nilimulika skrini kwa tochi ya simu, nikainamia kwa pembe, kuona kama kuna picha hafifu, maana wakati mwingine mashine inakuwa hai ila taa ya nyuma ya skrini ndiyo imekufa. Hakukuwa na picha. Kila jaribio nililifanya kwa haraka, na kabla ya kujua lile limenionyesha nini, nilishahamia jingine. Siku ya nne sikuwa najua lolote zaidi ya nililojua siku ya kwanza, isipokuwa sasa nilikuwa na skrubu mbili zilizozidi.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia mtu kwa siku hizo nne, kwa aibu. Mtu yeyote anayejua kompyuta kidogo angeniuliza: kwani shida iko wapi? Sauti hazikai kwenye mashine, zinakaa kwenye diski. Chomoa diski, ichomeke kwenye mashine nyingine, chukua mafaili yako, nenda zako. Ni kweli. Lakini chuo kilitutaka tulinde taarifa za watu tunaowahoji, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika mwaka 2023, jambo hilo si la hiari. Mimi ni mtu mtiifu, nikaifunga diski yote kwa programu ya kusimba. Programu hiyo huweka ufunguo wake ndani ya chipu ndogo iliyopo kwenye mazabodi. Mashine ikiwa nzima, wewe unaandika neno lako la siri na huhisi kitu. Diski ikihamishwa kwenye mashine nyingine, inagoma, inadai ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Nilipoifunga, programu ilikataa kabisa kuuhifadhi ufunguo huo ndani ya diski ileile. Ikanilazimisha nitumie fleshi. Wiki tatu baadaye nilihitaji nafasi kwenye fleshi, nikalihamishia lile faili la ufunguo kwenye laptopu.

Ndiyo. Niliufungia ufunguo wa sanduku ndani ya sanduku.

Siku ya tano nilikwenda kwa fundi. Kibanda chake kiko kando ya barabara kuu, kati ya duka la spea za magari na wakala wa pesa za simu, pale ambapo asubuhi magari ya watalii hupita moja nyuma ya jingine kuelekea getini. Ni kijana aliyenizidi miaka michache. Ufundi aliuanzia kwenye redio kolu za magari hayohayo, zile ambazo madereva wanatumia kuulizana faru yuko wapi, kisha akahamia simu, kisha laptopu. Juu ya meza yake kulikuwa na kipima umeme, kikoleo cha risasi, chupa ya spiriti, taa yenye kioo cha kukuzia, na rundo la mazabodi zilizokufa ambazo alikuwa anaziita akiba.

"Karibu, dada. Ina shida gani?"

"Imekufa."

"Imekufa si shida, hiyo ni taarifa ya msiba. Niambie umeona nini."

Nikaanza kumweleza kuhusu vumbi. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, vumbi jekundu kwanza kisha la kijivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, bila ukali, "Hayo ni uliyofikiri, dada. Mimi nimeuliza uliyoona."

Nikatulia. Niliona nini? Ilizima ghafla. Ilikuwa kwenye chaja. Haikutoa harufu. Haikuwahi kuanguka, angalau si mbele yangu. Tangu hapo haijawaka taa yoyote. Ilinichukua muda kufika mwisho wa orodha hiyo fupi, kwa sababu kila baada ya jambo moja ulimi ulitaka kuongeza "kwa hiyo".

Akachukua chaja yangu ya zamani, akaichomeka ukutani. Kitaa kidogo cha kijani kwenye chaja kikawaka. Akapima ncha yake kwa kipima umeme: volti 19.5, kama ilivyoandikwa. Kisha akaichomeka kwenye laptopu. Kitaa kikazima.

"Hii umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Kwa siku nne nilichomeka chaja ile pengine mara hamsini, nikiwa nimekodolea macho skrini, kwa sababu kwenye skrini ndiko nilikokuwa nataka habari njema itokee. Kitaa kilikuwa kinazima chini ya meza, karibu na mguu wangu.

"Chaja yako haina ubaya," alisema. "Ina akili. Ikikuta shoti mbele yake inajifunga isije ikaungua. Hii mpya uliyonunua nayo itafanya hivyohivyo." Akajaribu. Ikafanya hivyohivyo. "Sasa tunajua jambo moja. Kuna shoti, na iko ndani."

Jambo moja. Nilitamani yawe matatu au manne, nilikuwa nimekaa siku nne bila kitu. Lakini jinsi alivyolitamka, kama mtu anayeweka jiwe la kwanza na kulikanyaga kuona kama linacheza, ilinifanya nitulie.

Kabla hajafungua kitu aliuliza kuhusu diski, na nikalazimika kuungama habari ya ufunguo. Hakucheka, ingawa alikuwa na haki. Alisema tu kwamba basi mazabodi hii hatuwezi kuibadilisha, ni lazima ipone yenyewe, na kwamba ile betri ndogo ya saa, ya duara kama sarafu, hataigusa. Akiichomoa, mipangilio ya mashine inaweza kurudi mwanzo, na mashine ikijiona imebadilika inaweza kudai zile tarakimu 48. Akatenganisha betri kubwa. Akachomoa ramu, akachomoa diski na kunikabidhi mkononi. "Kaa nayo wewe." Nikaishika kama ninavyoshika kikombe cha mtu mwingine.

Sasa nitaeleza alichofanya, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike makala hii, na kwa sababu huenda siku moja yako nayo itazima.

Umeme wa chaja ukiingia kwenye mazabodi unapita kwenye njia kuu moja, kama barabara yetu hii ya lami, na kutoka hapo unagawanywa kwenda kila upande. Kando ya njia hiyo kumepangwa kapasita za kauri, nyingi, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele. Kila kapasita imeshika njia kuu kwa mkono mmoja na ardhi ya mazabodi kwa mkono mwingine, ikilainisha umeme unapopanda na kushuka. Kwa umeme wa namna hii, mikono hiyo miwili haitakiwi kukutana. Kapasita moja ikipasuka ndani, mikono inakutana, umeme wote unakimbilia ardhini, chaja inajifunga, na mashine nzima inakufa kwa sababu ya kitu ambacho huwezi hata kukiokota kwa kidole.

Fundi aliweka kipima umeme kwenye hali ya kulia, akagusa kapasita ya kwanza. Piii. Nikaruka. "Ndiyo hiyo!"

Akagusa ya pili. Piii. Ya tatu. Piii. Akazigusa kama kumi mfululizo, na zote zikalia.

"Zote zimeshika waya mmoja," alisema. "Moja ikiharibika, zote zinaonekana na hatia. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanang'oa ya kwanza iliyolia, hailetei jibu, wanang'oa ya pili, mwisho wanaharibu mazabodi."

"Sasa utajuaje?"

"Nitaiacha ijitaje."

Akachukua mashine ndogo ya kutoa umeme, akaiweka volti moja tu, volti ambayo haiwezi kuumiza prosesa hata ikiteleza na kuifikia, akaunganisha waya mmoja kwenye njia kuu na mwingine kwenye ardhi. Akadondoshea spiriti mpaka eneo lote likang'aa. Kisha akaweka mikono mapajani, akaangalia. Nami nikaangalia. Nje, dereva alikuwa anabishana na mtu kuhusu tairi. Tulikaa hivyo, watu wawili tumeinamia unyevu. Umeme unaopita penye shoti huzaa joto, na joto hukausha spiriti. Baada ya nusu dakika hivi, katikati ya ule mng'ao, doa dogo likakauka. Kapasita moja, ya nne kutoka kushoto. Haikuwa na ufa, haikuwa nyeusi, haikutofautiana na dada zake kwa lolote ambalo jicho langu lingeweza kuona.

Akazima umeme, akaing'oa kwa kikoleo. Akagusa njia kuu kwa kipima umeme. Kimya. Sijawahi kufurahia kimya namna ile.

Akachukua nyingine kutoka kwenye mazabodi ya akiba, akaipima kwanza, akaibandika. Akarudisha ramu, akaniomba diski, akachomeka chaja. Kitaa cha kijani kikabaki kinawaka. Akabonyeza kitufe, feni ikavuta pumzi, na baada ya muda ambao sitaki kuupima, mashine ikaniomba neno la siri. Lile la kawaida. Si tarakimu 48.

Nilitaka kulia, nikauliza swali badala yake. "Kwa hiyo ilikuwa nini? Mitikisiko ya barabara ya Endulen?"

"Inawezekana. Kapasita za kauri hazipendi kupindwa."

"Au baridi? Au umeme uliporudi kwa nguvu?"

"Inawezekana pia."

"Lakini wewe unaonaje?"

Alikuwa anafuta meza. "Dada, kilichoungua nimekuonyesha. Kilichokiunguza sijui. Nikikutajia kimoja hapa utafurahi, na utakwenda kuwaambia watu fundi kasema. Lakini nitakuwa nimekudanganya." Kisha akaongeza, "Na kabla hujanishukuru, kopi mafaili yako. Mashine iliyofufuka usiipe nafasi ya kufa tena."

Nilinunua diski ya nje dukani kwa jirani yake. Wakati mafaili yanahama, fundi akasema nifungue lolote tuhakikishe linasikika, maana faili linaweza kuonekana zima na ndani ni uji. Bila kufikiri nikafungua la mzee wa Mbulumbulu.

Sauti yake ikajaza kibanda. Kwanza jogoo, kisha kikohozi, kisha yeye. Fundi akainua kichwa. Kiiraqw ni lugha ya kwao pia. Tukasikiliza. Nilikuwa namuuliza mzee kuhusu kijito kimoja kinachopita chini ya shamba lake, na jina la kijito hicho sitalitaja hapa, kwa kuwa nimeshalitendea vibaya mara moja. Nilisikia sauti yangu, changamfu kuliko ninavyojijua.

"Aako, jina hilo maana yake ni nini?"

"Halina maana. Jina tulilikuta."

"Lakini linafanana na neno letu la..." na nikalitaja neno.

"Linafanana, ndiyo."

"Kwa hiyo huenda waliliita hivyo kwa sababu ya..."

"Mjukuu wangu, jina tulilikuta."

Hapo kwenye kinasa pana ukimya wa sekunde kadhaa. Jogoo tena. Ningeweza kuuacha ule ukimya. Badala yake nikasikia yule msichana mchangamfu akirudi mara ya tatu, sasa akiwa na maelezo marefu, yenye mifano, yenye mantiki, yakimzunguka mzee kutoka kila upande kama watoto wanaotaka pipi. Na mzee, ambaye alikuwa na miaka zaidi ya themanini na ng'ombe wa kurudisha zizini, akachoka.

"Haya. Andika hivyo."

Niliandika hivyo. Kwenye rasimu ya sura yangu ya tatu kulikuwa na sentensi inayoanza, "Kwa mujibu wa mzee mmoja wa Mbulumbulu, jina hili linatokana na neno la Kiiraqw..." Ilikuwa aya nzuri kuliko zote katika sura ile. Ilikuwa na mandhari ndani yake.

"Mzee alikujibu mara ya kwanza," fundi alisema, akitafuta skrubu. Hakusema zaidi. Upau wa kunakili ulikuwa umefika asilimia 40.

Nimekuwa nikiwaza tangu siku ile kuhusu neno hilo, "tulilikuta". Niliposikia mara ya kwanza, Aprili, nililichukua kama mlango uliofungwa. Mzee hajui, nilijiambia, basi nimsaidie. Lakini kiini cha utani wote ni kwamba mzee alikuwa ananipa taarifa kubwa kuliko niliyokuwa naitafuta. Wairaqw hawakuanzia Karatu. Asili yao ni milima ya Mbulu, kusini ya hapa, na wengi walisambaa kuja huku kaskazini katika karne ya 20, wakati wa ukoloni, kwenye nchi ambayo Wamaasai walikuwa wanachungia, na kabla yao Wadatoga. Mzee aliposema "jina tulilikuta" alikuwa anasema: sisi tulifika, kijito kilikuwa na jina, waliolitoa waliondoka. Alikuwa anasema jina hilo si letu, usilitafutie mama kwetu. Huo ni ushahidi wa kihistoria, na nilimzungusha mpaka akaufuta mwenyewe.

Nchi hii imejaa majina ya namna hiyo. Oldeani, mlima ambao wakulima Wajerumani walilima kahawa kwenye miteremko yake kabla ya Vita ya Pili ya Dunia na ambao leo chini yake utasikia Kiiraqw na Kiswahili, ni neno la Kimaasai la mianzi; mianzi yenyewe ingali huko juu. Oldupai, mmea wa mkonge pori, uliingia kwenye vitabu vya dunia kama Olduvai kwa kuwa Mzungu fulani alisikia vibaya na hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Tofauti yangu naye ni kwamba mimi nilisikia vizuri. Kiiraqw nakijua. Nilisikia vizuri kabisa, kisha nikauliza mpaka nikapata nilichokuja nacho.

Na hata jina Ngorongoro lenyewe. Waongoza watalii husema ni mlio wa kengele za ng'ombe wa Wamaasai, ngoro, ngoro. Pendekezo langu la utafiti lilifunguliwa kwa hadithi hiyo. Msimamizi wangu aliandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, maneno mawili: "Umejuaje?" Nilikasirika. Niliona hana sikio la mashairi. Sasa najua lilikuwa swali la fundi.

Upande huohuo wa Endulen kuna Laetoli, ambako timu ya Mary Leakey mwaka 1978 ilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano, zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Ni vumbi lilelile nililolisingizia. Nyayo zinaonyesha walipita, wengine wakubwa, wengine wadogo, na walielekea upande gani. Walikuwa wanakwenda wapi na walikuwa nani kwa nani, majivu hayakuandika. Kila anayezitazama anatamani kusema ni familia. Mimi nimezitazama katika picha, nami nikasema familia.

Sehemu ya mwisho ya habari hii haina uzuri mwingi. Nilimwandikia msimamizi wangu nikamweleza kilichotokea, si laptopu tu, bali na kile nilichokisikia ndani yake. Nilidhani angesema ni jambo dogo, niondoe aya niendelee. Aliniagiza nisikilize saa zote 38 upya, na kila pahali nilipouliza swali zaidi ya mara moja, nirudi kwenye jibu la kwanza. Imenichukua wiki saba. Sitamaliza mwezi Novemba kama nilivyomwahidi mama. Majina 31 kati ya 114 yamepoteza maana nilizokuwa nimeyapa. Machache niliyategea mwenyewe, kama kile kijito. Mengi wazee walikuwa wananikisia kwa ukarimu, kwa sababu nilikuwa nimesafiri mbali na walinionea huruma.

Nilipeleka fleshi yenye sauti ya mzee kwa familia yake huko Mbulumbulu. Tuliisikiliza uani, kwa spika ya simu, kuanzia mwanzo. Nilikuwa naogopa ile sehemu. Ilipofika, pale anaposema "Haya, andika hivyo," mjane wake akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Alisema hivyo ndivyo alivyokuwa akimjibu hata yeye akitaka aachwe. Nikamwomba radhi. Akaniambia nile kwanza.

Ufunguo wa tarakimu 48 nimeuandika kwa mkono, mara mbili. Karatasi moja iko kabatini kwa shangazi, nyingine kwa mama. Nakala za sauti ziko tatu, mahali patatu. Shangazi bado anasema ilikuwa baridi.

Na kwenye jedwali la majina, ambako zamani kulikuwa na safu ya jina, ya lugha na ya maana, nimeongeza safu ya nne. Nimeiita "Tulilikuta". Nilifikiri itakuwa safu ya kushindwa kwangu, lakini ndiyo inayonionyesha njia, maana kila jina lililomo linauliza swali lilelile: mlilikuta kwa nani? Kwa baadhi ya majina jibu, kama lipo, liko kwa Wadatoga wa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Naenda wiki ijayo, laptopu nimeifungia ndani ya blanketi. Nitauliza mara moja, kisha nitaweka mikono mapajani.